Baiti 20

Kwa miaka minne seva yetu ilikaa stoo, kati ya ndoo ya mopu na katoni za vitabu vya risiti. Ilikuwa mashine nyeusi ya kusimama, kimo chake kama mtungi wa maji wa lita 20, na mbele yake mtu alikuwa amebandika karatasi: USIZIME. Chini yake, kwa kalamu nyingine na mwandiko mwingine: hata ikipiga kelele.

Ukweli usemwe, hilo sanduku ndilo lilikuwa kampuni. Mabasi yalikuwa ya Mzee, na sisi tulikuwa watu watano kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja River Road, juu ya duka la spea. Lakini kila kiti kilichouzwa kwa simu kwenda Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia na Malaba kilipitia pale stoo. Tovuti, databesi, orodha ya viti, rekodi za malipo, vyote kwenye mashine moja. Stima ya jengo ikipotea tulikuwa na UPS. UPS ikiisha tulikuwa na jenereta ya landilodi. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima na hata JKIA ikabaki gizani, ile jenereta ilikataa kuwaka na tukalala nje ya hewa mpaka asubuhi. Hakuna aliyetulaumu. Usiku ule kila mtu alikuwa na lake.

Desemba ilikuwa kitu kingine.

Tarehe 22 Desemba 2023, Ijumaa, saa mbili za usiku, nilikuwa nyumbani Umoja na sahani ya ugali magotini. Simu ikaanza. Kwanza mwenzangu wa ofisini, halafu meneja, halafu namba nisizozijua, maana laini ya huduma kwa wateja ilikuwa inaelekezwa kwangu ofisi ikifungwa. Tovuti ilikuwa inazunguka tu. Nikafungua laptopu, nikaunganisha kwa intaneti ya simu, nikaangalia logi. Databesi ilikuwa inawafukuza watu mlangoni.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. PostgreSQL, databesi tuliyoitumia, inakuja ikiwa imepangiwa kukubali koneksheni 100 kwa wakati mmoja. Ya 101 inaambiwa irudi baadaye. Siku ya kawaida hatukufika hata 30. Usiku ule nusu ya Nairobi ilikuwa inatafuta njia ya kwenda ushago. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye haraka angefanya: nikaingia kwenye mipangilio, nikafuta 100, nikaandika 600, nikawasha upya.

Ilipumua kwa dakika kama kumi na mbili. Nikarudi kwa ugali.

Kitu ambacho sikukikumbuka, na nilikuwa nimekisoma zaidi ya mara moja, ni kwamba kila koneksheni ya PostgreSQL ni programu nzima inayojitegemea, inayokula memori yake. Mia sita zikifanya kazi pamoja zilikuwa zinataka memori ambayo ile mashine haikuwa nayo. Na Linux memori ikiiishia haiulizi mtu. Inachagua programu moja na kuiua ili nyingine zipone, na mara nyingi inachagua iliyonenepa zaidi. Iliyonenepa ilikuwa databesi. Ikafa, ikainuka, ikaanza kusoma rekodi zake ijue ilipofia, watu wakamiminika tena, ikafa tena. Hivyo hivyo kwa karibu saa tatu.

Na wakati huo wote watu walikuwa wanalipa. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtu anachagua kiti, simu inamletea ujumbe wa kuweka PIN, anaweka, pesa inatoka. M-Pesa inatuma taarifa kwa anwani yetu kwamba fulani amelipa. Taarifa inafika mlangoni, mlango umefungwa. Mteja ana SMS ya pesa, hana SMS ya tiketi. Anafanya nini? Anajaribu tena.

Mama mmoja alinipigia kutoka steji saa nne na kitu. Nyuma yake nilisikia makanga wakiita na mtoto akilia.

"Kijana, nimelipa viti vitatu mara mbili. Meseji za pesa ninazo. Ya tiketi sina. Huyu jamaa wa basi anasema jina langu haliko kwa karatasi. Hawa watoto nawaweka wapi?"

"Mama, pole sana. Mtandao uko na shida kidogo. Hebu tusubiri."

"Mtandao wa nani, wangu ama wako?"

Sikujibu. Niliandika namba yake kwenye mkono wa kushoto kwa sababu karatasi ilikuwa mbali. Alilala ofisi ya kukatia tiketi juu ya magunia ya mizigo, yeye na watoto, akasafiri tarehe 24.

Baada ya mwaka mpya bosi aliniuliza nini kilitokea. Nikasema, "Seva ilizidiwa. Ni ndogo."

Sikudanganya, ukipenda. Seva ilizidiwa kweli. Lakini sikusema ni nani aliyeandika 600.

Jambo likiwa limesemwa hivyo, kilichofuata kilijipanga chenyewe. Kama seva ni ndogo, dawa ni seva kubwa. Bosi akaita muuzaji mmoja wa vifaa, akaja na suti na katalogi, akatuandikia bei ya mashine moja ya nguvu: shilingi milioni 1.4 bila betri. Memori mara nane ya ile yetu. Diski za kujinakili zenyewe. Mzee alikuwa tayari kulipa, na alitaka iwekwe palepale stoo ili akipita aione. Mimi nilipewa kazi ya kuandaa mpango wa kuhamia. Nikawa naandaa mpango wa kutumia milioni na nusu ya mtu kutibu ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao.

Jumamosi ya tarehe 6 Januari 2024 nilienda ofisini peke yangu. Nilitaka kufanya kitu kimoja tu kabla ya kuandika huo mpango: kuchukua bakapu ya usiku uliopita na kuifungua kwenye mashine nyingine, nione inachukua muda gani. Tulikuwa na bakapu ya kila usiku. Kila asubuhi barua pepe ilikuja: BAKAPU SAWA. Niliandika mwenyewe ile skripti.

Nikafungua folda. Faili zilikuwa zimepangwa vizuri, tarehe baada ya tarehe. Nikaangalia ukubwa. Baiti 20. Ya juzi baiti 20. Ya juma lililopita baiti 20. Nikaenda nyuma mpaka Septemba ndipo nikakuta faili yenye kitu ndani.

Ukibana hewa tupu kwa gzip unapata faili ya baiti 20. Ni kama kufunga bahasha bila barua. Katikati ya Septemba mwenzetu mmoja aliacha kazi, tukabadilisha nywila ya databesi kama inavyotakiwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba skripti ya bakapu ilikuwa na nywila ya zamani. Kuanzia hapo, kila usiku, databesi ilikataa kufungua, gzip ikabana hewa, na skripti, ambayo niliiandika iangalie tu kama hatua ya mwisho imefaulu, ikatuma SAWA. Usiku 110. Tarehe 22 Desemba nilipokuwa nawasha na kuzima databesi kama swichi ya taa, kama diski ingekufa hakungekuwa na chochote cha kurudishia. Hakuna viti, hakuna malipo, hakuna majina.

Niliketi kwenye katoni ya risiti pale stoo. Feni ya mashine ilikuwa inavuma. Siwezi kusema nilifikiria jambo la maana. Nilifikiria kwamba sina hamu ya kazi hii tena.

Halafu nikafanya la pili, kwa sababu nilikuwa pale na siku ilikuwa bado. Kuna programu ndogo inayoitwa PgBouncer. Inakaa mbele ya databesi na kuwapanga watu foleni: hata wakija elfu moja, ndani wanaingia wachache kwa zamu, na kwa kuwa kila ombi huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, foleni inasonga bila mtu kuiona. Nikaiweka kwenye nakala ya mfumo, nikaiwekea koneksheni 40. Arobaini, sio 600. Halafu nikatuma wateja bandia, mara mbili ya wale wa Desemba 22. Ile mashine nyeusi ilisimama wima. Haikutoa hata jasho.

Kwa hiyo seva haikuwa ndogo.

Nilikaa na hilo jambo siku nne. Alhamisi nikaenda gereji Industrial Area, ambako bosi alikuwa na Mzee wakiangalia gia boksi ya basi moja. Nikawaambia yote. Ile 600. Zile baiti 20. Na kwamba ile mashine ya milioni 1.4 ingekufa usiku uleule kama mtu angeshika namba zile zile.

Bosi alininyamazia, na kumjua kwangu, hiyo ni mbaya kuliko kelele. Mzee akamwambia fundi asimamishe kugonga. Akaniuliza, "Pesa za hao watu zilirudi zote?"

"Zimebaki za watu saba, Mzee. Hawajapokea simu."

"Endelea kupiga." Akafuta mikono kwa tambara. "Hapa gereji, mtu akigusa injini anaandika kwa kitabu. Jina, saa, na alichogusa. Dereva wa kesho asije akajua mambo ya injini kwa mshangao. Nyinyi hamna kitabu?"

Hatukuwa nacho. Jioni ile nilinunua kauntabuku ya kurasa 200, na mstari wa kwanza nikaandika ile ya Desemba 22, na jina langu. Tunazo programu za kuandika mabadiliko, ndiyo, na siku hizi tunazitumia. Lakini kauntabuku iko bado, iko mezani, na kila mtu anaogopa kuifungua na kuona mwandiko wake.

Usiku ule nilimpigia yule Mama. Namba yake nilikuwa nimeihamisha kutoka mkononi kwenda kwenye simu. Pesa zake zilikuwa zimerudi tarehe 23, lakini nilimwambia kwamba mtandao ulikuwa wangu. Akasema, "Nilijua." Halafu, "Watoto walifika." Akakata.

Sasa swali la kweli likabaki: tuhamie wapi? Maana kuhama ilikuwa lazima. Stoo ni stoo.

Mwanzoni mimi nilikuwa mtu wa klaudi. Ukweli ni kwamba hakuna kampuni ya watu watano inayoweza kujenga kitu kama walichojenga wale wakubwa. AWS walifungua kanda yao ya Cape Town mwaka 2020, yenye vituo vitatu vilivyotengana, kila kimoja na umeme wake. Moja ikizama, mbili zinaendelea. Unabonyeza, unalipa, unalala. Shida ya kwanza ilikuwa dola. Januari ile dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160, na mapato yetu ni nauli za shilingi. Bosi alipiga hesabu kwa kalkuleta ya simu, akanionyesha skrini bila kusema kitu. (Kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130, na hilo pia lilimtisha. Bili inayopanda na kushuka hivyo unaipangia vipi?)

Hata hivyo tulianza kujaribu. Machi tulikodi mashine ndogo mbili Afrika Kusini, tukaweka nakala ya mfumo, tukawa tunapima. Ilikuwa sawa. Kubonyeza kiti kulichelewa kidogo, lakini mtu wa kawaida hangetambua.

Halafu ikafika Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, Siku ya Akina Mama. Nilikuwa nampigia mamangu kwa video, picha ikaganda. Nikadhani ni bando. Kumbe nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kusini, upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Afrika Mashariki nzima ikawa inasota. Na hii ilikuja miezi mitatu tu baada ya nyaya kukatika Bahari ya Shamu, upande wa kaskazini. Ukiangalia ramani unaelewa: intaneti yetu ya nje karibu yote inatua pwani, na kutoka pale ina njia mbili kuu, juu kupita Bahari ya Shamu au chini kuelekea Afrika Kusini. Mwaka ule zote mbili ziliguswa.

Mashine zetu za Afrika Kusini zilikuwa nzima. Zilikuwa zinawaka vizuri kabisa huko zilipo. Ni sisi ambao hatukuweza kuzifikia, au tulizifikia kwa kuhangaika. Lakini tovuti ya stoo, ile ya mopu, ilikuwa inauza tiketi kama kawaida. Mteja yuko Kenya, seva iko Kenya, na mitandao ya humu nchini inakutana kwenye kituo cha kubadilishana trafiki, KIXP, hapa hapa Nairobi, bila kwenda baharini. M-Pesa yenyewe iliwahi kuendeshwa kutoka Ujerumani, ikaletwa Kenya mwaka 2015. Kwa hiyo hata malipo hayakuwa na haja ya kuvuka maji.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza ni seva ipi imara zaidi. Wauzaji wote wanakuonyesha asilimia. 99.9! Inasikika kama alama za A. Lakini mwaka una saa 8,760, na asilimia 0.1 yake ni karibu saa nane na dakika arobaini na tano. Muuzaji hakuambii zitaangukia siku gani. Zikiangukia Februari, Jumanne, usiku wa manane, sawa. Zikiangukia Desemba 22 kuanzia saa mbili, umekwisha, na mkataba wake umetimia.

Nikaanza kuuliza: ni kitu gani kimoja kikifa kinaondoka na vyote? Nikachora mfumo kwenye karatasi na kuweka kidole juu ya kila kisanduku. Hiki kikifa, nini kinabaki? Kwenye mpango wa milioni 1.4 jibu lilikuwa lile lile kila mahali. Hakibaki kitu. Mashine kubwa, ndiyo, na diski za kujinakili zenyewe, ndiyo, lakini ukifuta kitu kwa bahati mbaya diski ya pili nayo inafuta papo hapo kwa utiifu. Na zote zinakaa chini ya paa moja na jenereta ile ile ya landilodi.

Nilimweleza Mzee na akanikata katikati. Alisema Desemba huwa anaweka basi tupu Nakuru. Likiharibika moja Eldoret au Molo, lile la Nakuru linaenda kuokoa abiria. "Lakini silifungii," akasema. "Kila Jumanne linabeba watu kwenda Kisumu na kurudi. Basi la akiba lisilotembea, siku unalihitaji betri imekufa." Mimi nilitaka kumwambia kwamba basi la akiba ni pesa iliyolala, maana hilo ndilo bosi alikuwa anasema kuhusu seva ya pili. Ila Mzee ndiye mwenye pesa, na hapo alikuwa ananisaidia.

Tulichochagua hakikuwa cha kujivunia. Mashine mbili ndogo za tovuti kwenye data senta moja Nairobi, na mbele yao kigawanyaji kinachopeleka wateja huku na kule. Moja ikikosa kujibu, wote wanapelekwa kwa nyingine. Databesi kuu palepale, na PgBouncer yake. Replika ya databesi Mombasa, karibu kilomita 480, inayopokea kila badiliko sekunde hiyo au inayofuata. Na bakapu kila usiku inatumwa nje ya nchi, Ulaya, kwa sababu bakapu haina haraka. Waya ukikatika itafika kesho. Kila Jumatatu asubuhi skripti inachukua hiyo bakapu, inaifungua kwenye mashine tupu na kuhesabu viti. Haisemi SAWA. Inasema idadi, na mtu anailinganisha kwa macho.

Kukawa na ubishi mmoja mkali kati yangu na mwenzangu. Yeye alitaka Nairobi ikifa Mombasa ichukue usukani yenyewe, bila mtu. Mimi nilikataa. Fikiria Nairobi haijafa, ila waya kati yao umekatika. Mombasa inadhani iko peke yake, inaanza kuuza. Nairobi nayo inaendelea kuuza. Sasa una makondakta wawili wenye basi moja, na kila mmoja ameuza kiti cha 14. Kurekebisha hilo ni kazi ya wiki nzima. Ili kufanya kwa usalama unahitaji mashine ya tatu mahali pa tatu ya kupiga kura nani ni mkubwa, na hatukuwa na pesa ya tatu. Tukakubaliana: uamuzi unafanywa na mtu, na mtu huyo ana zamu, na simu yake haiwekwi kimya. Mimi wiki moja, yeye wiki moja. Mke wake hanipendi tangu hapo.

Tulihama usiku wa Jumanne, tarehe 13 Agosti 2024. Agosti kwa sababu Desemba ilikuwa mbali. Siku mbili kabla tulipunguza muda ambao dunia inakumbuka anwani yetu ya DNS, kutoka siku nzima hadi dakika tano. Tulikuwa tumefanya mazoezi mara tatu. Saa nane na dakika tano usiku tukafunga mauzo, tukangoja mashine mpya imalize kupokea kila kitu kutoka kwa ile ya stoo, tukahesabu viti pande zote mbili. Sawasawa. Tukageuza. Nikanunua tiketi ya Nakuru kwa pesa yangu, PIN, SMS ya pesa, halafu, baada ya sekunde ambazo nilizihesabu kwa sauti, SMS ya tiketi. Dakika kumi na moja jumla. Tulipeana gota kimyakimya kwa sababu mlinzi alikuwa amelala koridoni.

Dakika kumi baadaye mtu akanunua tiketi ya basi la saa tano usiku. La saa tano. Lilikuwa limeshapita Gilgil.

Mashine mpya zilikuwa kwenye saa ya UTC. Kwao bado ilikuwa saa tano na dakika ishirini na sita, na tulikuwa tumeacha mlango wazi dakika thelathini baada ya basi kuondoka kwa ajili ya wanaochelewa. Ile ya stoo nilikuwa nimeiweka saa ya Nairobi mwaka wa kwanza, nikasahau. Tulirekebisha kwa dakika nne. Nikampigia yule abiria, ambaye alikuwa anajiuliza kwa nini mabasi yetu yanakaa steji mpaka saa hizo, nikamweka kwenye la saa kumi na mbili asubuhi bila kumlipisha. Nikafungua kauntabuku, nikaandika jina langu tena.

Desemba ilikuja. Sina mengi ya kusema juu yake. Tarehe 21 jioni, saa moja, mashine moja ya tovuti ilijifia yenyewe, diski, na wateja wote wakahamia kwa ile nyingine. Nililigundua asubuhi nikisoma logi na chai. Onyo lilikuwa limetumwa, ndiyo, kwa barua pepe ambayo hakuna mtu huisoma Jumamosi. Hilo nalo likaingia kitabuni.

Ile mashine nyeusi hatukuizima siku ileile. Kuna simu na mitandao inayoshikilia anwani ya zamani hata ukiiambia isahau, kwa hiyo tuliiacha ipokee waliopotea na kuwaelekeza kwa mpya. Wiki ya kwanza walikuwa mamia. Ya pili, kumi na kitu. Kufikia Oktoba alibaki mmoja, kila siku, kuanzia saa kumi na moja asubuhi, akikata tiketi thelathini, arobaini. Nikafuatilia. Alikuwa wakala wetu wa Busia. Miaka mitatu iliyopita mtu alikuwa amemwandikia namba ya IP ya stoo kwenye kikaratasi, sio jina la tovuti, na kila siku alikuwa akibonyeza lile onyo jekundu la usalama na kupita.

Nikampigia, nikamwomba atumie jina.

"Lakini kijana yangu," akasema, "hii ndiyo ilikuwa inafungua haraka."

"Imehama, Mzee. Hiyo unayofungua iko stoo, karibu na mopu."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia bodaboda zikipita upande wake.

"Basi niandikie namba ya hiyo mpya."